Mchujaji wa Magadini

Siku ya tatu ya pacha, Kasanzu alijaribu kumnyonga Chikoya kwa mrija uliobeba damu yake mwenyewe.

Aliufanya ujinga huo saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma bati, mbele ya Jerono aliyekuwa amempa mgongo akihesabu chupa za dripu. Vitanda viwili vya wodi vilitenganishwa na mashine tu, hatua moja na nusu hivi, na mirija iliachiwa ulegevu wa kumwezesha mtu kujigeuza ubavu. Kasanzu aliutumia ulegevu huo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye pingu. Kwa ule mwingine aliuvuta mrija, akauzungusha shingoni mwa mwenzake na kukaza. Jerono alisikia mashine ikilia, akageuka, akakuta macho ya Chikoya yametoka pima.

Muuguzi huyu hakuwa mtu wa kupigana. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na mbili, aliyelelewa kwenye vilima vya baridi vya wafugaji, na tangu azaliwe hakuwahi hata kumzaba mtu kofi. Siku hiyo alikwapua chuma cha kutundikia dripu akakishusha kwenye kiwiko cha Kasanzu. Mara ya kwanza mkono haukuachia. Mara ya pili kitu kilisikika kikipasuka, mrija ukalegea, na sindano ikachomoka kwenye mshipa wa Kasanzu. Kwa kuwa wote wawili walikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu isigande, damu iliruka ikagonga ukuta, ikaendelea kuruka. Jerono alimkalia mkono kwa goti, akaziba tundu kwa vidole viwili huku akimwita askari kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua.

Nyamizi, askari wa zamu, aliingia mbio na rungu. Alimpiga Kasanzu mdomoni na jino likadondoka sakafuni.

"Hapo sawa, afande," Jerono alisema akihema. "Ila usimguse mapaja wala mgongo. Usipige nyama."

Nyamizi alikuwa anajua sababu, maana kila aliyewahi kulinda wodi ile aliambiwa. Msuli ukipondwa, unapasuka na kumwaga vitu vyake ndani ya damu. Kimoja ni chembe nyekundu inayoupa msuli rangi yake. Hiyo inakwenda kuziba vijibomba vya figo hadi figo zinazima. Kingine ni potasiamu, na hiyo haina subira, inakwenda kuusimamisha moyo. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa bila kuvunjwa hata mfupa, akasimama, akatembea, akala ugali wake, halafu akafa siku ya nne.

Chikoya alikuwa amekaribia kufa hivyohivyo. Kasanzu, nyapara wa genge la sita, alimkamata akimtuhumu kutoboa tangi la maji la genge, akamlaza kifudifudi kwenye chumvi na kumshindilia mapaja na mgongo kwa kipande cha bomba kwa muda wa dakika arobaini. Watu thelathini walikuwa wanatazama. Hakuna aliyeingilia, kwa sababu Magadini mtoboa tangi hana wa kumtetea. Walichimba magadi ya kutengenezea betri kwenye ziwa kavu lenye joto la nyuzi arobaini na saba, maji yaliletwa kwa gari mara moja kwa wiki, na hata kilichotoka chooni kilifyonzwa, kikasafishwa, kikarudi bombani.

Kwingine duniani figo zikizima, mgonjwa anaunganishwa na mashine ya kuosha damu. Mashine hiyo inakunywa mamia ya lita za maji safi kwa wiki, kwa mtu mmoja tu. Magadini maji hayo hayakuwepo, lakini watu walikuwepo, na watu wana figo. Ndipo ikabuniwa mashine ya pacha. Damu ya mgonjwa inapita upande mmoja wa utando, damu ya mzima upande wa pili. Hazichanganyiki, ila sumu na maji ya ziada vinapenya, na figo za mzima zinafanya kazi ya watu wawili hadi za mgonjwa ziamke. Mara nyingi zinaamka. Wiki moja, mbili, wakati mwingine tatu. Na kwa kuwa hakuna mtu anayependa kazi hiyo, kambi ikaweka sheria: aliyeziua figo za mwenzake ndiye atakayemchujia. Mwanzoni watu waliruhusiwa kujitolea, na haikupita miezi miwili wababe wakawa wanawasukumia wanyonge vitandani wachuje badala yao. Kujitolea kukapigwa marufuku. Kuanzia hapo mchujaji ni yule aliyeandikwa kosa kwenye daftari la pacha, basi.

Jerono alirudisha sindano kwenye mshipa mwingine wa Kasanzu, akakifunga kiwiko kwa banzi na kuufunga mkono wa pili kwa pingu. Mwanamume huyo alikuwa akitema damu pembeni ya mto huku anacheka.

"Ningemmaliza ningeenda zangu," alisema. "Maiti haichujiwi."

Jerono alimchukia kwa moyo wote, na hakuona haya kumchukia.

Saa sita hivi Nyamizi alirudi na glasi ya chai kutoka kantini, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, rungu mapajani. Kupitia dirisha Jerono aliwaona ndugu za Chikoya kivulini mwa tangi tupu, walipokuwa wamekaa siku zote tatu. Walikuwa watatu: kaka wawili wakimya, na dada yao mkubwa, Somoe, mwanamke wa Mtwara mwenye mabega mapana, aliyekuja na mtarimbo wa kuchimbia magadi na hakuuweka chini hata wakati wa kula. Somoe ndiye aliyemlea Chikoya baada ya mama yao kufa. Asubuhi na jioni aliuliza swali moja tu kupitia dirishani, kama mdogo wake anachujwa vizuri, na Jerono alimjibu kwamba anachujwa vizuri.

Chikoya alifumbua macho. Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu ya mrija. Alimtazama Nyamizi kwa muda, kisha midomo yake iliyovimba ikajaribu kutabasamu.

"Sista, mwone afande," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Anakunywa mkojo wangu."

Nyamizi aliishusha glasi na kumwambia achunge mdomo wake, ugonjwa usimpe kiburi. Jerono naye alikaribia kucheka, mara akaacha. Akamuuliza ana maana gani.

"Si ile rangi niliyokwambia siku ya kwanza? Nilikwambia mkojo wangu ni kama chai."

Jerono aliitazama glasi ya Nyamizi. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi chenye wekundu, chepesi, kinapitisha mwanga.

"Hiyo si chai," alisema taratibu. "Hiyo ni strungi."

"Ni chai," Chikoya na Nyamizi walisema kwa pamoja.

Jerono akashika ukingo wa kitanda. Kwao, vilimani, chai ni maziwa yaliyochemshwa na majani. Isiyo na maziwa ina jina lake, na mgeni hapewi hiyo labda ng'ombe wote wawe wamekufa. Alikuwa na miezi minane Magadini, anakunywa chai yake chumbani kutoka kwenye kopo lake la maziwa ya unga, na hakuwahi kukaa kantini kuona wenzake wanakunywa nini. Chikoya alipokuja kliniki akichechemea, siku moja baada ya kipigo, Jerono alimuuliza haja ndogo ina rangi gani. Vyoo vya Magadini vinafyonza kila kitu kabla mtu hajatazama, lakini Chikoya alikuwa ameshindwa kutembea usiku ule na kujisaidia kwenye kopo, kwa hiyo aliona. Akajibu kwa aibu, uso pembeni, kwamba ni kama chai. Vipimo vya mkojo vilikuwa vimekwisha mwezi mzima. Alikuwa na homa kidogo. Jerono akaona kichwani mwake mkojo mzito, mweupe, wenye usaha, akaandika maambukizi.

Angeelewa, angemtundikia dripu saa ileile, lita kumi kwa siku ikibidi, asukume uchafu ule kabla haujagandamana. Mtu aliyepondwa misuli anaokolewa kwa maji ya mapema. Badala yake alimwambia anywe posho yake ya kawaida, akamdunga jentamisini, siku mbili mfululizo. Ni dawa nzuri kwa usaha. Kwa figo zilizojeruhiwa ni sumu, na hilo linafundishwa mwaka wa kwanza.

Chikoya alikuwa ameshasinzia tena. Nyamizi aliitwa nje na mtu wa getini. Jerono alibaki amesimama, na sauti ikatoka kwenye kitanda cha pili.

"Kumbe ni wewe."

Kasanzu hakuwa amelala. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, lakini jicho lililobaki wazi lilikuwa linamtazama bila kupepesa.

"Ulimpiga dakika arobaini," Jerono alimjibu kwa kunong'ona.

"Nilimpiga. Sikatai. Nilitaka aumie na aliumia. Lakini nesi, alikuja kwako kwa miguu yake."

Jerono aliinama kutazama mfuko wa mkojo wa Kasanzu, kwa sababu kazi ilikuwa inamsubiri na pia kwa sababu alitaka kulikwepa jicho lile. Jana mfuko ulikuwa na lita tatu. Tangu asubuhi ulikuwa na kiasi kisichojaza kikombe, na kilikuwa cheusi chenye wekundu.

Akaelewa mara moja. Sumu ya misuli ya Chikoya, iliyotakiwa kusukumwa na maji siku ya kwanza, ilibaki mwilini ikisubiri, na sasa ilikuwa inapenya utando na kuziba figo za Kasanzu. Mchujaji alikuwa anazima. Angezima kabisa kesho au keshokutwa, miguu ingevimba, mapafu yangejaa maji, moyo ungesimama. Na Chikoya angemfuata, isipokuwa figo zake ziamke mapema. Kasanzu alikuwa ameuona uso wa Jerono na hakuhitaji kuelezwa.

"Waambie wa nje," alisema. "Mimi hawataniamini hata nikiapa. Waambie wewe, uandikwe wewe, mimi nitolewe hapa."

Alitamka neno la haki kwa mdomo wa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Jerono kuliko yote. Alimfikiria mganga aliyemtangulia kwenye kliniki hii. Huyo alikosea dozi ya mtoto mmoja. Ndugu walimtoa mchana kweupe, wakamvunja miguu yote miwili kwa mitarimbo na kumtupa nje ya uzio, na uongozi wa kambi ukaagiza mganga mwingine. Huyo mwingine ndiye yeye. Aliutazama mtarimbo wa Somoe kupitia dirishani. Kisha akajiambia kwamba figo za Chikoya zinaweza kuamka kesho, jambo hilo hutokea. Kwamba Kasanzu ni mnyama na hakuna atakayemlilia. Kwamba yeye ndiye peke yake kambini anayeijua mashine.

Yote matatu yalikuwa kweli. Akachukua kalamu, na kwenye karatasi ya mkojo wa mchujaji akaandika lita mbili.

Kasanzu alimwona akiandika. Alifumba jicho lake na machozi yakamtoka, na Jerono, ambaye hakuwahi kudhani kwamba mtu yule ana machozi, alitoka haraka akaenda kusimama nyuma ya kliniki.

Habari ya kunyongwa kwa Chikoya ilitoka kupitia kantini, na kufikia saa tisa ilikuwa imekua: Chikoya amekufa, ulimi nje, nesi anaficha. Somoe hakuja dirishani kuuliza. Alikuja mlangoni na kaka zake.

Nyamizi, aliyekuwa amerudi mlangoni, alisimama mbele yao na rungu lake, akawaambia warudi, mgonjwa mzima. Mmoja wa kaka alimpiga kichwa cha uso, akaanguka na kiti, ngozi ya paji ikapasuka na damu ikamziba macho. Walipita juu yake. Somoe alimwona mdogo wake amelala, shingo nyekundu, macho yamefumbwa, na hakungoja kuona kama kifua kinapanda. Alimgeukia Kasanzu.

Pigo la kwanza lilitua kwenye paja. Kasanzu alipiga ukelele, pingu zikavutana na chuma. Pigo la pili, paja lilelile. Kaka zake walikamata miguu. Somoe alikuwa anapiga bila matusi, bila haraka, kwa namna anavyopiga magadi kila siku, na kila pigo lilitoa mlio mzito na mbichi. Damu, isiyoweza kuganda, ilianza kutiririka kutoka kwenye ngozi iliyochanika hadi kwenye godoro, kisha sakafuni.

Jerono, aliyekuwa ametoka tena nyuma ya kliniki, alisikia ukelele akarudi mbio. Aliona mirija kwanza. Ilikuwa bado imeunganishwa. Misuli iliyopondwa kwenye kitanda cha pili ilikuwa inamwaga potasiamu kwenye damu ya Kasanzu, na kutoka hapo, kupitia utando, kwenda kwa Chikoya. Kwenye kioo cha mashine mistari ya mioyo yote miwili ilikuwa imeanza kuinuka vilele vyembamba, virefu, vya kutisha.

"Mnamuua Chikoya," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapiga kelele. "Yu hai! Damu zao zimeunganishwa. Mnampiga ndugu yenu!"

Kaka mmoja alisita. Somoe hapana. Pengine alisikia na hakuelewa, pengine alikuwa amefika mahali ambapo mtu hasikii tena. Jerono alirukia mashine, akabana mrija kwa kibano upande wa Chikoya, akabana wa pili. Mashine ikalia kwa sauti moja ndefu. Chikoya sasa alikuwa peke yake, na damu yake chafu, bila mchujaji. Alikuwa na saa chache.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo haelewi vizuri alilifanyaje. Alimlalia Kasanzu, mtu aliyemchukia, akamfunika mapaja kwa mwili wake. Mtarimbo ulikuwa umeshainuka. Ulitua kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kifundo, na mifupa yote miwili ikavunjika. Jerono aliisikia kabla ya kuhisi maumivu.

"Ni mimi," alisema, mdomo ukiwa kwenye shuka la damu. "Figo za mdogo wako niliziua mimi."

Somoe alisimama na mtarimbo mikononi.

Jerono alijigeuza. Alilazimika kusema kwa vipande, kwa sababu maumivu yalikuwa yanamkata pumzi. Alieleza kwamba Chikoya alimwambia ukweli na yeye akausikia vibaya. Kwamba angempa maji saa ile angekuwa anatembea leo, na badala yake alimdunga sindano iliyozimaliza figo zake. Alieleza pia kwamba Kasanzu hachuji tena tangu asubuhi, na kwamba yeye alijua, akaandika uongo. Hakutaja chai. Aliona aibu kuitaja, na aliona kwamba haipunguzi chochote.

"Lakini alimpiga," kaka mdogo alisema, amechanganyikiwa, kidole kikimwelekea Kasanzu.

"Alimpiga. Chikoya angeumwa mwezi mzima, kisha angepona."

Somoe aliinua mtarimbo tena. Macho yake yalikuwa kwenye magoti ya Jerono, na Jerono alijua kabisa anachofikiria, kwa sababu hadithi ya mganga yule ilikuwa inajulikana na kila mtu.

"Nivunje," alimwambia. "Sikukatazi. Lakini si leo. Ukiniponda miguu, sumu yake ataipokea mdogo wako. Andika kosa langu, nilaze pale, nimchujie. Siku atakayokojoa mwenyewe, njoo na chuma chako uvunje unachotaka."

Mashine iliendelea kulia. Nyamizi, ambaye alikuwa amejiinua kwa kushika ukuta, uso wote mwekundu, ndiye aliyesema kwamba kama kuna mtu anataka kuua zaidi afanye haraka, maana Chikoya anasubiri. Somoe aliushusha mtarimbo na kuuegemeza ukutani.

Kumuunganisha mtu kwenye pacha kunahitaji mikono miwili yenye utaalamu. Jerono alikuwa na mmoja, wa kushoto, usio na mazoea. Mikono iliyobaki ilikuwa ya Nyamizi, aliyeona kwa jicho moja. Walimfungua Kasanzu, wakamfunga majeraha kwa vitambaa, wakabadilisha utando. Jerono alilala kwenye godoro jipya upande wa pili wa mashine, akawa anamwelekeza askari: bonyeza hapa, mshipa unainuka, ingiza kwa mshazari, usiogope. Nyamizi alikosa mara tatu. Mara ya tatu alitoboa mshipa upande wa pili na mkono ukavimba kama mpira, na Jerono aliuma shuka asipige kelele. Mara ya nne damu ilipanda kwenye mrija, safi na nyeusi. Kibano kikafunguliwa.

Nyamizi alichukua daftari la pacha. Aliandika jina la Jerono mahali pa mkosaji, damu kutoka kwenye paji la uso wake ikadondokea ukurasa. Kisha hakulifunga. Alimtazama Kasanzu, aliyelazwa sakafuni, mapaja meusi yamevimba yamejaa, midomo inabadilika rangi.

"Na huyu," Nyamizi alisema, "nani aliyempiga?"

Kaka wawili waliangalia chini. Mashine ya pili ilikuwa stoo, imefunikwa kwa turubai, nzima. Jerono, kutoka kitandani, alisema kwamba figo za Kasanzu alikuwa ameshaanza kuziharibu yeye kwa kunyamaza, na angemchujia pia kama angekuwa na damu ya kutosha watu wawili. Lakini mapaja yale hakuyaponda yeye.

Somoe alisema hawezi kumchujia mbwa. Alisema bora atupwe nje ya uzio, afie kwenye chumvi. Nyamizi alimwacha aseme yote hadi maneno yakamwishia, kisha akamuuliza jina la baba yake, la kuandikwa, maana sheria inataka jina kamili. Somoe alilitaja. Alipomaliza kulitaja alikaa chini palepale, mwanamke mkubwa yule, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti; na aliendelea kulia walipoivuta mashine ya pili, walipomlaza ubavuni mwa mtu ambaye yeye alikuwa ametaka kumuua, na Nyamizi alipomtafuta mshipa.

Jerono naye alikuwa ameanza kulia. Hakujua kama ni mkono, au woga wa siku ile figo za Chikoya zitakapoamka na Somoe akumbuke ahadi, au ni aibu tu. Alimgeukia Chikoya. Alikuwa macho, na kwa jinsi alivyokuwa anamtazama ilionekana alikuwa macho kwa muda mrefu, tangu kwenye mtarimbo, na kwamba alikuwa amesikia kila neno. Jerono alifungua mdomo amwombe radhi.

Chikoya alinyoosha mkono wake uliovimba, akalisukuma jagi la maji kwenye meza ndogo hadi likamfikia.

"Usilie, sista," alisema. "Unapoteza maji. Kunywa, ukojoe."

Jerono alilishika jagi kwa mkono wa kushoto, akaanza kunywa.